Mfano wa Mwalimu

Mwalimu wa Kiingereza pale Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, alikuwa mwembamba hivi kwamba siku ya upepo, nawaambia kweli, alitia mawe mfukoni. Mimi sijasoma, ila nilikuwa nabangua karanga za mbegu chini ya dirisha la darasa lake, nikimsikia. Alisema neno la Kiingereza la kueleza mtu yukoje halipendi kukaa peke yake: ukisema “proud” shurti ufuatishe “of”, kisha umtaje unayemjivunia. Hapo aliviunganisha vidole vyake vyenye chaki. Mfano wake ulikuwa mmoja kila siku: anajivunia mwanawe Didace, aliyekwenda Burundi mwaka ule wa tisini na tatu.

Asubuhi moja ya Novemba wanafunzi waliungoja mfano, yeye akafuta ubao usioandikwa kitu. Walipotoka akanijia na barua ndani ya leso.

“Bibi, nihifadhie. Nyumbani wote wanajua kusoma.”

“Didace amekufa?”

Akaitikia kwa kichwa. “Tukilia msiba sasa, majembe yanalala, na mvua haitusubiri. Acha mama yake apande kwanza.”

Jioni mkewe, Athanasie, akapita akitoka shamba. “Bibi, uongo wako unafika mpaka Karema. Nidanganye basi, Didace anarudi lini?”

Mwalimu alikuwa nyuma yake, amebeba majembe yote mawili, ananitazama.

“Mahindi yakibeba, mwanangu.”

Athanasie akacheka. Mwalimu akainama haraka kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili.