Mtungi Uliopumua Mara Mbili

Wakati wa Mwingereza niliolewa kutoka Masaba, nikaja kukaa na mama mkwe karibu na Nagongera. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Misa yake ilikuwa imesomwa, nasi tukadhani yamekwisha, lakini ukoo ulikuwa bado unadai pombe ya kumaliza matanga.

Pombe hiyo ya wimbi, yaani ulezi, ilipikwa ndani ya nyumba ya marehemu. Kabla wageni hawajachomeka mirija yao, mdogo wake marehemu, baba mdogo wetu, alipaswa kuweka sikio kwenye mtungi. Ukitokota, marehemu ameridhika na mjane wake. Ukinyamaza, mjane anarudishwa kwao, na shamba linabaki kwa ndugu.

Mwaka ule mvua ilitutupa na wimbi lilikuwa haba. Mama mkwe akaongeza sukari guru kutoka soko la Busia. Mtungi ukavuma siku hiyo hiyo, povu likapanda hadi shingoni. Asubuhi yake ulikuwa kimya kabisa, na pombe bado tamu, haijaiva.

Baba mdogo akainama, akasikiliza, akainuka.

“Kaka amekataa.”

“Ni sukari guru, baba,” nikasema. “Hatujawahi kuitia.”

“Ala! Mwenye duka wa Busia ndiye aliyemziba kaka mdomo? Nyie watu wa Masaba mna maneno!” Watu wakacheka. “Shemeji, funga mzigo. Kesho tunakusindikiza.”

Mama mkwe alikaa kando ya mtungi akamsemesha mumewe kwa sauti ndogo, akimwuliza amemkosea wapi. Mimi nilisali. Baada ya kila swali alinyamaza na kutikisa kichwa, kama mtu anayejibiwa, nami nikaacha kumtazama.

Walipokuja kumchukua, alikuwa na mkeka na sufuria moja tu. Tulipofika mlangoni, ndani ya nyumba tupu kitu kilivuta pumzi. Kikaishusha. Kikavuta tena, polepole, na povu likaanza kutambaa ukingoni mwa mtungi. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba mdogo alirudi kinyumenyume hadi uani.

“Mwacheni,” alisema. “Mwacheni mke wa kaka.”

Hivyo akabaki, na shamba lake likabaki. Lakini tangu siku hiyo alipakua sahani mbili, ya pili akaiweka pale mtungi ulipokuwa umesimama.

Miaka mingi baadaye mwanangu, aliyesomea mambo ya hamira na pombe, alinieleza. Alisema chembe ya hamira ina milango midogo ya kuingizia sukari. Ile ya sukari nyepesi, kama ya guru, huinasa upesi, hata ikibaki kidogo sana. Sukari ya kimea cha wimbi ina mlango wake, na hamira haihangaiki nao maadamu nyepesi ipo. Nyepesi ikiisha, hamira hutulia kwanza, ikijitengenezea mlango huo wa pili, ndipo huanza tena kula na kutoa povu. Nilimshukuru Mungu kwamba hata katika kimya kile kazi yake ilikuwa ikiendelea.

Nikampelekea mama mkwe habari hizo, nikitaka apumzike. Alikuwa mzee sana, anasikia kwa shida. Nilirudia taratibu mpaka akaelewa.

“Kwa hiyo hakuwa yeye?”

“Hakuwa yeye, mama.”

Akageukia pale palipokuwa na mtungi.

“Basi nimekuwa nikila na nani?”

Chakula kilikuwa kimeiva. Nikampakulia, kisha nikapakua na sahani ya pili, nikaiweka mahali pake.