Kitabu Kilicholala Kwenye Chicho

Siku ile tulikuwa watano kwenye ua wetu pale mtaa wa Wabera. Akko Tume, nyanya yetu mzaa mama, alikuwa kwenye kigoda chake. Rukia, mdogo wangu anayenifuata, na rafiki yake Kathambi, binti wa jirani zetu Wameru, walikuwa mkekani na kitabu kimoja katikati yao. Guyo, kitindamimba wetu, alikuwa akifukuza kuku. Na mimi, Halima, nilikuwa pembeni nafukiza chicho.

Wa rika langu mnakumbuka mtihani wa darasa la saba wa enzi zetu. Watoto walikuwa wengi, nafasi za sekondari chache, na karatasi ya Kiingereza ndiyo iliyotuangusha. Nyumbani tulisema Kiborana, dukani Kiswahili, na Kiingereza tulikipata kwa mwalimu tu. Ukisikika shuleni ukisema lugha ya mama, ulivishwa kibao cha mti shingoni, ukazunguka nacho mpaka umnase mwenzako. Nilikivaa kibao hicho mara nyingi, na nikuambie ukweli: nilipoacha shule nilikitamani tena. Baba alifariki lori la ng'ombe lilipopinduka. Mama akamfuata baada ya mwaka mmoja. Mimi ndiye mkubwa, nikatoka shule nikiwa la sita, nikaanza kuuza maziwa ya ngamia.

Kazi ya maziwa ina adabu yake. Chicho ni chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, na kabla ya kutia maziwa unaingiza ndani vijiti vinavyowaka, unafunika, unatikisa, mpaka moshi uingie kila mahali. Maziwa hukaa bila kuharibika, tena hupata utamu. Macho yako ndiyo yanayolipa. Basi kila jioni wale wawili wakisoma, mimi nalia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kitabu kilikuwa cha mwalimu wao. Ndani kulikuwa na mitihani ya miaka iliyopita: kujaza mapengo, maneno ya kinyume, na hadithi za kusoma na kujibu maswali. Mwalimu alikuwa nacho kimoja tu, na alimwazima Rukia kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. "Go, went, gone," waliimba kama watoto wa chuo cha Kurani, na Guyo akawaitikia bila kujua anachoitikia.

Hadithi ya siku ile ilimhusu mzee wa Ulaya aliyepotelewa na mbwa kwenye theluji. Rukia alimfasiria Akko.

"Huyo mzee ana ngamia wangapi?" Akko akauliza.

"Hana, Akko. Ana mbwa mmoja."

"Mbwa mmoja, halafu anamwacha apotee? Masikini kweli. Na hana mtoto wa kumtuma?"

Kathambi alicheka mpaka akalala chali. Kisha wakakwama kwenye swali moja: kwa nini mzee aliacha mlango wazi usiku kucha? Walibishana sana. Mimi nilikuwa nimeisikia hadithi mara mbili, na jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nikasema kutoka kwenye moshi, "Aliogopa mbwa akirudi akute kumefungwa."

Kathambi alifungua majibu nyuma ya kitabu. "Ni kweli! Halima amepata!"

Rukia hakuinua hata kichwa. "Dada, wewe uliachia la sita. Hii ni ya la saba."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtoto, na amechoka. Lakini neno lile liliingia kama moshi kwenye chicho, likakaa. Asubuhi, kabla sijaenda kupokea maziwa barabarani, nilikikunja kitabu nikakisukuma ndani ya chicho cha zamani cha mama kilichoning'inia ukutani. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, Rukia naye aonje kukaa bila kitabu.

Zikawa siku tano. Mwalimu alimtoa Rukia kwenye masomo ya Jumamosi mpaka kitabu kipatikane, na mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Rukia hakula. Siku ya nne alisimama mlangoni kwa akina Kathambi akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Ni wewe! Ulitaka unipite!" Kathambi alitokea. Alibaki amesimama na sufuria mkononi, akaniangalia mimi, dada mkubwa niliyemfuata Rukia pale, kama ninayeweza kusema kitu. Nikasema, "Rukia, turudi nyumbani."

Kesho yake alfajiri nilikiweka kitabu kizingitini. Kila mtu akasema mwizi ametubu. Rukia alikikumbatia akakimbia shule. Lakini kabla ya hapo Akko alikuwa amekichukua na kukinusa. Moshi wa jikoni na moshi wa chicho si kitu kimoja, na mwanamke wa Kiborana hadanganywi hapo. Alisubiri watoto watoke.

"Kitabu kile kimelala kwenye chicho," alisema. "Halima, deni la mdomo halilipwi kwa mikono."

Nililipa kwa mikono tu. Rukia alifaulu akaenda shule ya bweni, na mimi niliuza maziwa miaka yote ile asikose sare wala sabuni. Kathambi alisoma peke yake zile wiki tatu, bila kitabu na bila mwenzake. Hakufaulu. Sasa anauza mboga sokoni, na kila nikipita ananiongezea fungu la sukuma.

Mjukuu wangu ana simu inayomfasiria kila neno kabla hajamaliza kulitamka, na bado ananiambia, "Shosho, Kiingereza ni ngumu." Anaandika herufi moja mahali pa neno zima! Ninamwonea wivu, sifichi. Ningepata mimi ile simu, na ule ua, na jioni moja tu ya kuketi mkekani badala ya pembeni.

Akko alikwisha kufa. Rukia ni mwalimu mkuu sasa, na kitabu kile anacho. Mwalimu wake alimpa kama zawadi alipofaulu. Idd iliyopita alikuja nacho kuwaonyesha watoto. Alikifungua, akakinusa, akafumba macho.

"Harufu ya nyumbani," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Dada, mpaka leo sijui Kathambi alikichukulia nini, na alikirudishia nini."

Birika la chai lilikuwa mkononi mwangu. Nikamjazia kikombe chake mpaka kikafurika.