Kibangwa cha Bibi na Farasi wa Karthago

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Tangu nishike kalamu nimeshainuka mara mbili kwenda dirishani. Usinicheke. Jana ulinionyesha kwenye simu yako lile kundi lenu la wapenda vitu vya kale, na picha ya sarafu ya Karthago ambayo mwenzako yuko tayari kukupa ukimpa vitu vya babu yako vilivyo kabatini kwenu. Ukaniuliza, "Mwalimu, unaonaje?" Nikanyamaza, ukaondoka umenuna. Nilikuwa na hasira, lakini haikuwa juu yako.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule hapa Tabora, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na nilikaa kijijini kwa bibi yangu, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Mvua za kwanza zikishanyesha, njia ile ilikuwa inatoa shanga, na mara chache pesa za Mjerumani zilizoota kutu. Wenzangu waliwahi shambani kupanda, mimi nilikuwa njiani nimeinama. Bibi akipita na jembe lake aliniuliza kama nimedondosha meno.

Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa. Kila nilichookota nilikifurahia hadi jioni, na kesho yake nikataka kingine. Sijui kama wewe uko hivyo. Nadhani uko hivyo, maana jana ulikuwa unanionyesha picha moja huku kidole kinatafuta nyingine.

Mjini kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, Mzee Hirji, naye alikuwa mkusanyaji kama mimi, ila yeye alikuwa na subira. Siku moja alifungua kisanduku chake akaniwekea kiganjani sarafu ya shaba, ndogo kama kifungo cha koti. Upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili farasi amesimama, na nyuma yake mti kama mtende. Alisema ni ya Karthago. Shemeji yake aliyekuwa baharia aliipata Tunisi. Basi, mwanangu, mimi mtoto wa Kimoraviani, Tiro na Sidoni nimezisikia kanisani tangu sijajua kusoma, na kwenye kitabu cha historia nilikuwa nimesoma kwamba Wafoinike wa Tiro ndio waliovuka bahari wakaenda kuijenga Karthago. Leo nimesimama katikati ya madoti ya khanga na kitu chao kiko mkononi mwangu! Wiki nzima chakula hakikupita.

Mzee Hirji hakutaka kuiuza. Alisema angeitoa kwa kitu kimoja tu, kibangwa, ambacho alikuwa amekiona kwenye picha tu.

Huenda hujawahi kukiona. Ni kisahani cheupe kilichokatwa kwenye gamba la konokono wa baharini, kina tundu katikati, wazee wetu walikivaa shingoni. Bibi alikuwa nacho. Kwetu alikivaa mwanamke mkubwa wa ukoo siku ya kumpa mtoto jina: anampakata mtoto, anamgusisha kibangwa kifuani, anataja jina, basi. Bibi hakukosa ibada hata Jumapili moja, na mchungaji alijua habari za kibangwa na wala hakusema neno. Siku nyingine zote kilining'inia nyuma ya mlango ndani ya kimfuko cha kitambaa, na mimi nilipita hapo mara ishirini kwa siku.

Nikajiambia hakuna anayekitumia. Mke wa kaka yangu alikuwa mjamzito, lakini miezi yake ilikuwa bado, na kabla hajajifungua ningekuwa nimeshapata kibangwa kingine. Nilikichukua asubuhi moja, Bibi akiwa kisimani.

"Ni chako?" Mzee Hirji aliniuliza.

"Ni changu. Bibi kanipa."

Alikipokea kwa mikono miwili, mzee wa watu, kisha akanipa farasi wangu.

Unadhani niliridhika? Siku ya pili yake nilianza kuona farasi hajitokezi vizuri, ana ukijani mwilini. Nikachukua majivu na ukwaju, nikaisugua sarafu kama tunavyosugua sufuria za shaba kabla ya harusi. Iling'aa kweli. Farasi akabaki nusu, na mtende ukafutika kabisa. Nikaanza kufikiria sarafu nyingine.

Kisha mtoto wa kaka akaja kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo, analia kwa sauti ya kifaranga, na wanawake waliokuwa chumbani hawakutazamana machoni. Bibi alisema apewe jina haraka, mtoto asiondoke duniani bila kuitwa. Akaniambia nimletee mfuko wake nyuma ya mlango.

Nilimwambia, "Bibi, nipe hadi kesho." Hakuniuliza kwa nini. Hilo ndilo lililonikimbiza, mwanangu. Angenifokea ningejitetea.

Nilipanda baiskeli ya kaka nikaenda mjini bila kupumzika. Mzee Hirji aliipokea sarafu, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza.

"Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha."

"Ule ukijani ndio ulikuwa umri wake, binti," akasema, akaketi. Ilionekana wazi imemuuma. Kisha nikamwambia yote, pamoja na uongo wangu. Kumbe kibangwa hakikuwapo tena. Alikuwa amemwazima binamu yake wa Nzega, naye mkusanyaji, akilinganishe na viwili alivyovipata karibuni. Hakunitukana. Aliandika barua papo hapo, akaniambia niwahi basi.

Sitakusimulia safari ya Nzega. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti njia nzima, kila basi liliposimama kupakia magunia ya pamba nilitaka kushuka nikimbie kwa miguu. Nilifika, nikamkuta binamu yake dukani, nikampa shikamoo na barua kwa pamoja. Alisoma. Alikuwa muungwana. Akaingia ndani, akarudi na vibangwa vitatu, akavipanga mezani.

"Nilivichanganya. Chagua chako," akasema. "Kina alama gani?"

Nikatazama. Vyote vyeupe, vyote vina tundu, vyote vimezeeka. Mwanangu, ningeweza kukuchorea yule farasi wa Karthago nikiwa nimefumba macho, nikakuonyesha na jinsi alivyogeuza shingo. Kibangwa cha bibi yangu, kilichokuwa nyuma ya mlango tangu nizaliwe, sikukijua. Nilivishika kimoja kimoja, yule bwana ananisubiri, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mwishowe nilichukua cha katikati. Nilibahatisha tu.

Nilirudi kesho yake mchana. Mtoto alikuwa bado anapumua. Bibi alikipokea kibangwa, macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu, akapitisha kidole gumba pembeni mwake, akazunguka, akarudia.

"Hiki si changu," akasema. "Changu kina pengo. Baba yako alikiangusha kwenye jiwe la kusagia alipokuwa anatambaa."

Nilipiga magoti nikaanza kulia na kueleza. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikivaa hivyo hivyo, akampakata mtoto, akamgusisha kifuani, akataja jina. Aliishi yule mtoto, sasa ana mvi. Lakini siku ile hakuna aliyejua kama angeishi.

Alipomaliza alikivua akanirudishia. "Tangu umalize shule unaniambia habari za watu wa mbali, na mimi nakusikiliza. Hiki changu hujawahi kuniuliza hata siku moja kimetoka wapi. Ungeniuliza ningekwambia: babu yangu alikitoa pwani, alikwenda na mzigo kichwani, kwa miguu, na wenzake wengi hawakurudi." Akanifumbisha vidole juu ya kibangwa. "Sasa nenda ukamrudishie mwenyewe. Hiki nacho yupo mjukuu aliyemwibia bibi yake."

Sikumpata mwenyewe. Nilirudi Nzega, nikaambiwa vile viwili vingine vimeshakwenda kwa mgeni mmoja, na hiki nilichokuwa nacho hakuna aliyejua kimetoka kijiji gani. Miaka yote niliyofundisha, kila likizo nilikibeba. Nimekionyesha hapa mjini kwenye soko la mtaa wa Ng'ambo, vijijini, kwenye misiba, popote palipo na vikongwe. Wanakipapasa, wanatikisa kichwa. Juzi tu nilipanda bajaji kwenda kumwona bibi mmoja niliyeambiwa anakumbuka mengi. Naye alitikisa kichwa. Bibi yangu alishafariki, cha kwake sikukiona tena, na mimi ndiyo maana siwezi kukaa kitako.

Basi jibu langu ni hili. Penda vitu vya kale, sikukatazi, hata mimi sijaacha. Lakini kabla hujatamani cha Karthago, fungua kabati la kwenu, utoe kimoja kimoja, uketi na baba yako na shangazi zako, uulize kila kimoja kilikuwa cha nani, alikishikaje, kilipasuka lini. Ukiletewa cha watu, muulize anayekileta maswali hayo hayo, na akishindwa kujibu, mwachie. Na usikitoe cha kwenu kabla hujakijua kwa kidole gumba, gizani. Ukishakijua hivyo hutaki tena kukitoa.

Mungu akupe mikono mitulivu kuliko yangu, mwanangu. Akuwekee wazee wako hai hadi umalize kuwauliza, na siku utakapotafutwa na wajukuu zako, wakukute una la kuwajibu.