Goti la Ghassan Lilipona Rajabu

Katika msikiti mmoja wa mji wa Ibra, Omani, mwisho wa safu ya pili, palikuwa na viti viwili vyeupe vya plastiki. Kimoja kilikuwa cha Mzee Humaid, mtu wa miaka sabini na kitu, magoti yake yote mawili yameshachoka. Cha pili kilikuwa cha mkwewe Ghassan, kijana wa miaka ishirini na tisa, mabega mapana, mume wa Thuraya, binti wa huyo huyo mzee. Watu wakisimama, wao wamekaa. Watu wakisujudu, wao wanainamisha vichwa tu. Na kila aliyepita wakati wa kutoka alimtupia Ghassan jicho la huruma akamwombea shifaa, goti lipone. Naye akijibu, "Amin," macho chini.

Macho chini kwa sababu goti lake lilikuwa zima. Nalisema mapema, usije nawe ukampa huruma isiyo yake, kama tulivyompa sisi.

Siku za kazi Ghassan alikuwa karani wa afisi ya maji, mtu wa mafaili na chai. Alhamisi na Ijumaa alikuwa mtu mwengine. Alishika njia ya Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa jangwa la mchanga la Wahiba, na huko akiteleza kwa ski. Ndiyo, zile mbao mbili ndefu, nyembamba, ambazo Wazungu hujifunga miguuni wakateremka nazo kwenye theluji. Sisi barafu yetu iko ndani ya friji, lakini mgeni mmoja wa Austria alikuja nazo mwaka 1998 kuzijaribu mchangani, akaondoka akaziacha, na Ghassan akazivaa. Mwanzoni alikuwa akianguka zaidi kuliko kuteleza. Baada ya miaka mitatu alikuwa akiruka, anajizungusha hewani mwili mzima, anatua, anakwenda zake. Mzee Humaid, aliyekulia Unguja mjini na hana shughuli na maneno ya kigeni, akauita mchezo ule "ski ya mikogo". Jina likashika.

Pa kurukia walipatengeneza wenyewe, yeye na rafiki yake Mahrous, dereva wa kambi. Wakimwaga maji katikati ya mteremko, wakishindilia mchanga mpaka unakuwa tuta gumu, na Ghassan akija mbio kutoka juu, lile tuta linamrusha.

Siku ya kuumia ilikuwa Disemba 2004. Alitaka kuzunguka mara mbili, na kabla ya hapo alikuwa hajazunguka zaidi ya mara moja na nusu. Alipotua ski ya kulia ikadidimia, mwili ukaendelea kuzunguka, goti likabaki nyuma. Lilitoa sauti kama ya muhogo mkavu unaovunjwa. Mahrous aliyekuwa chini kabisa aliisikia.

Maskati wakampasua, wakamwambia kano ya ndani ya goti ilikuwa imekatika na sasa wameitengeneza. Miezi saba akafanya mazoezi kama mtoto mwema. Mwezi wa Rajabu bwana wa mazoezi hospitalini, Mhindi mmoja mpole, akamwambia, "Chuchumaa." Akachuchumaa. "Ruka kwa mguu huo mmoja." Akaruka. "Basi. Kimbia, sujudu, rudi mchezoni kwako. Goti limepona."

Ghassan akatoka pale anachekacheka peke yake. Hajafika hata kwenye gari, simu ikalia. Mahrous.

"Ya Ghassan, daktari kasemaje?"

Na mdomo wake, wallahi, mdomo wenyewe, ukajibu, "Kasema bado."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ghassan lilikuwa limemtafuna joka zima. Hakuipanga ile "bado". Alipoambiwa rudi mchezoni aliiona tena ski ikididimia. Sasa keshamwambia Mahrous bado, Thuraya atamwambiaje tayari? Na keshamwambia Thuraya bado, msikitini ataachaje kiti? Mwanamme akionekana anasujudu leo, kesho Mahrous yuko mlangoni na ski juu ya gari. Kwa hivyo akakaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha uzima hawakumsema, labda hawakupata kumwona.

Usidhani alistarehe. Alijua vizuri kwamba mtu mzima akiswali kakaa bila udhuru, sala yake ni ya mashaka. Ramadhani ikaja, akaswali tarawehe kwenye kiti, goti linamwasha hamu ya kukunjwa. Nyumbani Thuraya alimwekea sinia mezani asijikunje chini, akabeba mwenyewe kapu la nguo, akambandika mto chini ya mguu. Akimwona mkewe anainama kuokota kandambili zake, anatamani ardhi immeze.

Msimu wa watalii ukafika, simu za Mahrous zikazidi. Mahrous hakuruhusu mtu azivae ski za Ghassan. Kila wiki akizifuta vumbi na kuzipaka nta. "Usiwe na haraka," akimwambia, "ila mwisho wa mwezi tuna kundi kubwa. Goti vipi?" Bado. Wiki inayofuata: goti vipi? Bado. Ikawa hata simu ya mkewe ikilia sebuleni, Ghassan anashtuka.

Jumatatu moja ya Disemba, baada ya alasiri, watu walikuwa wametoka, amebaki yeye na mzee kwenye viti vyao viwili. Siku nyingine Ghassan alimngojea garini amrudishe nyumbani; siku hiyo alimngojea ndani. Mzee Humaid alikuwa kainua mikono, anaomba kwa sauti ya chini, lakini masikio yake mazito, na sauti anayodhani ya chini sisi sote tunaisikia.

"Mola wangu, yangu magoti nishasamehe. La huyu kijana. Mponye la huyu kijana, aweke paji lake chini."

Ghassan akahisi kama amemwagiwa maji ya moto. Mwaka wa tisa mzee hajasujudu. Kumbe dua yake anampa yeye.

Walipoingia garini hakuwasha. Akashika usukani.

"Ami, goti langu limepona."

"Alhamdulillah! Leo?"

"Rajabu."

Mzee akahesabu kwa vidole, Shaabani, Ramadhani, mpaka akafika pale walipo. Ghassan akamweleza yote, ile sauti ya muhogo, simu, mdomo uliojijibia, na alivyoogopa hata kushuka ngazi za afisini mtu akiwa nyuma yake.

"Miezi mitano," akasema Mzee Humaid, "nagonga mlango wa Mola, naye kumbe kishafungua zamani. Umenifanya nimwombe kitu alichokwisha kunipa. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Ami. Nisamehe."

"Kuogopa sikukasirikii. Mimi naogopa hata kuingia bafuni kwangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi mwanangu simtakii kilio. Nakukasirikia kulitanguliza goti mbele ujifiche nyuma yake, na goti la watu halina kosa." Akafunga mkanda wa gari. "Sala zako utazilipa, uanze leo. Huko mchangani kwenda usiende ni shauri lako. Washa gari."

Magharibi Ghassan akasimama safuni. Aliposhuka kusujudu, machozi yakamtoka kwenye zulia, ya furaha na ya aibu, hajui yapi mengi. Watu wakamkumbatia kumpongeza, na kila pongezi ikamchoma. Thuraya alipoambiwa hakumpongeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mwongo, akamwambia, "Kapu la nguo lile pale," akaenda kulala chumba cha wageni. Siku mbili hakumsemesha ila kwa ndiyo na siyo.

Na Ibra ni mji mdogo. Jumanne asubuhi Mahrous akapiga, hakuuliza goti vipi. Alisema tu, "Alhamisi wageni wanafika saa tisa."

Alhamisi Thuraya akavaa abaya, akaingia garini bila kualikwa. Wakashika njia ya Al Qabil mpaka Al Mintirib. Walipofika, Thuraya akasema, "Mimi nakaa hapa hapa garini. Siangalii." Kisha akashusha kioo, na akaangalia.

Kupanda kilima kile kwa mguu, ski begani, mchanga unakurudisha hatua moja kila ukipanda mbili. Juu kabisa Ghassan alikaa, akafunga ski ya kushoto. Ya kulia ikamshinda. Kifungo kikawa hakiingii. Chini wageni kama ishirini walikuwa wamesimama na kamera, na katikati ya mteremko tuta bichi lililoshindiliwa asubuhi. Aliliona dogo mno, halafu akaliona kubwa mno. Akasikia tena ule muhogo. Akajiambia, nitashuka, nitavunjika, Thuraya anaona.

Mahrous akapiga magoti mbele yake, akamfungia ski ya kulia. Akamtazama usoni, akaangalia pembeni. Alikuwa rafiki yake kweli.

"Ghassan, sikiliza. Wale hawajui kitu. Nitateremka niwaambie goti bado. Utateleza polepole mpaka chini, khalas, tule halwa."

Goti bado! Mlango ule ule wa kukimbilia, na safari hii kafunguliwa na mtu mwengine, kwa mapenzi. Ghassan akaufikiria. Nisikufiche, aliufikiria kwa muda mrefu, mpaka wageni wakaanza kunong'ona.

"Goti zima," akasema. "Mimi ndiye ninayeogopa. Kawaambie hivyo."

"Niwaambie unaogopa?"

"Waambie."

Mahrous akateremka, akawaambia kwa Kiingereza chake cha kambini kwamba bwana huyu aliumia hapa mwaka jana na anaogopa sana, wasubiri. Hakuna aliyecheka. Mmoja akashusha kamera.

Ghassan akajisukuma. Mchanga ukavuma chini ya ski, upepo ukamjaa masikioni, tuta likamjia mbio, likamrusha. Hakuzunguka hata nusu. Alipanda juu kama kuku anayeruka ukuta, mikono huku na huku, akatua kwa miguu yote miwili, goti likakunjika, likapokea, likamwinua. Hatua chache mbele akapinduka, ski zikafunguka, akakaa kitako, mdomo umejaa mchanga. Wageni hawakujua wapige makofi au vipi.

Mlango wa gari ukabamizwa, Thuraya anakuja mbio, viatu mkononi. Alifika hana pumzi.

"Limeuma?"

Siku zile tano, kumi, mia moja na hamsini, jibu la swali hilo lilikuwa tayari mdomoni mwake. Ghassan akatema mchanga.

"Halijauma," akasema. "Na nataka kurudi juu, Thuraya, na naogopa kuliko mwanzo."

Thuraya akamtazama. Kisha akainama, akaokota ski moja, akaitia begani mwake, akatangulia kupanda.