Wanunuzi Walipoacha Kubishania Bei

Kosa ni langu. Nimejaribu kusingizia mtandao, bosi, hata stima, lakini aliyebonyeza ni mimi.

Mnijue kwanza. Mimi ni yule anayefunga mlango wa nyumba, anafika steji ya matatu, kisha anarudi kuhakikisha kwamba amefunga. Kampuni ndogo ya programu za simu hapa Kisumu iliponiajiri, nilifurahi. Hatimaye wasiwasi wangu utalipwa mshahara!

Tulikuwa na programu ya akina mama wanaouza samaki Asembo Bay. Kila mama huandika bei yake, na kando, kwa siri, bei ya mwisho anayoweza kukubali. Mnunuzi haioni hiyo ya pili; programu huitumia tu kukataa ofa za chini yake.

Kazini tunabadilisha programu kila siku, wakati mwingine mara tatu. Kwa hivyo nikatengeneza mkaguzi, programu nyingine inayopekua kila badiliko kabla halijawafikia watu. Nilimlea kwa tabia zangu. Alilalamikia kila kitu, hata rangi ya kitufe! Wenzangu wakaanza kumwita kwa jina langu.

Ijumaa moja bosi alitaka badiliko litoke kabla ya chakula cha mchana. Mkaguzi akawasha taa nyekundu ya onyo. Bosi akaniuliza kama nitaogopa mpaka nizeeke. Ole wangu! Nikataka, mara moja tu maishani, kuonekana jasiri. Nikamzima mkaguzi bila kusoma alichosema, nikabonyeza badiliko litoke. Nilipigiwa makofi.

Jumatatu akapiga simu Min Atieno, yaani Mama Atieno, muuzaji wa samaki wa mbuta, mama wa kwanza kutuamini. Akaniita nyathina, mtoto wangu, kama kawaida yake, akasema wanunuzi wameacha kubishania bei. Mimi na akili yangu nikauliza kama hiyo si habari njema.

"Mtu asiyebishana anaijua tayari," akasema. "Wote wanataja ile yangu ya mwisho. Na mimi nilikuambia wewe tu."

Nikasoma onyo la Ijumaa. Mstari mmoja: ukurasa wa bei za siri hauulizi nenosiri. Broka mmoja, dalali anayenunua samaki, alikuwa ameugundua, akawapa wanunuzi wenzake. Mkaguzi wangu alisema kweli, na hakusikilizwa hata na mimi niliyemlea!

Nilifunga ukurasa, nikaenda Asembo Bay kuomba msamaha. Min Atieno alinisamehe upesi, akanipa na kiti. Kisha akatoa simu, akafuta bei yake ya siri mbele yangu.

"Hii nitakaa nayo hapa," akasema, akigusa kichwa.

Wenzake wote wakafuta.

Wewe unayeunda vitu mbio mbio, mlinzi wako akipiga kelele za bure, mfundishe kunyamazia madogo. Usimzime. Wangu nimeshamfundisha. Siku hizi hulia mara chache, na akilia nasimama.

Ila hana tena cha kulinda.