Refa Aliyegeuza Uso

Watu wa Mbugani wakisimulia jambo hili husema mume wangu alizibwa macho na vumbi. Si kweli. Uwanja ulikuwa bado na majimaji, vumbi lingetoka wapi. Mimi Keziya nilikuwepo, nimeketi kwenye kiti nilichokibeba mwenyewe kichwani kutoka nyumbani, na nitaandika kama ilivyokuwa. Asiyetaka aache kusoma.

Mume wangu ni Andongwisye. Mama yake alitoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Baba yake ni wa hapa hapa Mwaya. Enzi za ushirika alikuwa mpima mpunga ghalani. Alikuwa na filimbi ya kupangia watu foleni, na mkulima akiegemeza kidole kwenye mzani, filimbi inalia. Siku moja kidole kilikuwa changu. Alipuliza vilevile, mbele ya watu wote, nami nikamnyima maneno kuanzia mavuno hadi kupanda. Ushirika ulipofungwa wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, yeye akarudi nyumbani na ile filimbi tu. Filimbi na jina. Alikuwa akisema jina ndiyo pensheni yake.

Basi mwaka 2002 wakacheza Kombe la Dunia huko Japani na Korea. Ezra, mfanyabiashara wa sabuni na sukari anayevuka mpaka kila wiki, alikuwa na televisheni dukani kwake Mbugani, na vijana wa pande zote mbili walijazana humo. Ezra ndiye aliyeanza. Alisema nchi mbili jirani zimeandaa kombe moja, na nasikia hata lugha hawaelewani. Sisi tunaooana na kuzikana na watu wa ng'ambo tunashindwa nini?

Likaitwa Kombe la Songwe. Timu mbili zetu, mbili zao. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe lililotolewa kwa ushirikiano, na kila upande ulidai kwamba wao ndio waliotoa sehemu ya mbele. Jezi zilitoka kwenye marobota ya mitumba. Vijana wetu walivaa za njano zenye picha ya chupa ya maziwa kifuani. Nyavu za magoli tuliazima kwa wavuvi.

Ugomvi ukaja kwenye fainali, ichezwe wapi. Walibishana siku nne. Mwisho wakakubaliana uwanja uwe wetu na refa awe wao. Na watu wa ng'ambo wakamtaja Andongwisye, kwa sababu ni mtoto wa dada yao. Upande wetu wakaitikia upesi, kwa sababu ni mtu wetu. Kila upande ulikwenda kulala ukicheka.

Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba akiyumba kidogo tu, wajomba zake watamwita mwizi, na majirani watamwita msaliti, na hapo atakuwa amekula pensheni yake yote kwa siku moja. Nilimwambia akatae, miguu ile ni ya kufukuzia kuku. Kesho yake asubuhi nikamkuta anakimbia kwenye kingo za majaruba, filimbi shingoni.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria lilikuwa la wakamwana. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia migombani. Jina lake halitaji. Na baba mkwe naye, akiwa mtu mwenye adabu, anageuza uso wake ili asimwaibishe. Tena mkamwana wako si mke wa mwanao tu, ni wake wa watoto wa ndugu zako pia. Andongwisye ana ndugu wengi, na wote walizaa wavulana.

Kwa hiyo fainali ilipoanza, refa akikimbilia kulia, wanawake wote wa kulia wanajifunika khanga na kuinama. Akikimbilia kushoto, wa kulia wanainuka, wa kushoto wanainama. Ilikuwa kama upepo unaopita juu ya mpunga. Mwalimu mmoja aliyeletwa kutoka mkoa mwingine aliniuliza kama huo ni mtindo wetu wa kushangilia. Nilimwambia ndiyo, maana nilikuwa natazama mpira.

Nyavu hazikuwepo. Alfajiri ya siku hiyo habari zilikuja kwamba usipa, dagaa wa kwetu, wamejaa ziwani, na wavuvi wakafungua nyavu zao magolini wakaondoka bila hata kutusubiri tuseme ndaga, asante yetu. Ikabaki milingoti ya mianzi na kamba juu.

Mpaka karibu na mwisho ilikuwa mbili kwa mbili. Golikipa wetu alikuwa Eliya, mwanangu. Mkewe Hosiana alizaliwa ng'ambo, na wakati huo alikuwa ameishi miaka kumi na moja nyumbani kwangu. Alipoona mpira uko goli la mbali, na refa yuko huko huko, alikwenda nyuma ya goli la mumewe kumpelekea maji, ndoo kichwani.

Mara mpira ukapigwa mrefu. Mshambuliaji wa ng'ambo, mtu wa miguu kama korongo, akaunasa na kuja nao, refa nyuma yake mbio. Kwa mara ya kwanza siku ile niliona fahari juu ya miguu ya mume wangu. Akafika hatua tano kutoka golini, akainua macho. Katikati ya milingoti miwili, nyuma ya Eliya, mkamwana wake amesimama, mikono yote miwili imeshika ndoo, hana cha kujifunikia.

Andongwisye akageuza uso. Hakufikiri, shingo yenyewe iligeuka, kama mkono unavyotoka motoni. Na shuti likapigwa wakati huohuo.

Alipotazama tena, mpira ulikuwa migombani. Eliya amelala matopeni anaapa kwamba umepita nje. Yule korongo anakimbia huku amevua jezi. Washika vibendera walikuwa wawili, mmoja wetu na mmoja wao, na kila mmoja aliona kwa macho ya kwao. Wanaume wakamiminika uwanjani. Wengine walikuwa na fimbo, ingawa baadaye kila mmoja alisema yake ilikuwa ya kuchungia.

Mume wangu alitoa filimbi mdomoni. "Sikuona," alisema.

Mzee mmoja wa ng'ambo akamsogelea. "Uko hatua tano, mwana wa dada. Unakosaje kuona?"

"Palikuwa na mkamwana wangu."

 Fimbo zikashuka. Hakuna hata mmoja, wa huku wala wa kule, aliyeweza kumlaumu, maana kumlaumu ni kusema wewe ungetazama. Hata mwalimu aliona nyuso za watu, akarudi kwenye mstari.

Andongwisye akaniita. "Mama Eliya, nenda kamuulize. Yeye ndiye aliyekuwa karibu."

Nilimkuta Hosiana amechuchumaa nyuma ya migomba, khanga hadi kidevuni.

"Mama, uliingia," alininong'oneza. "Ulipita ndani ya mlingoti ukanirushia tope. Eliya hatakula chakula changu. Lakini uliingia."

 Hakuna mwingine aliyesikia. Ningeweza kurudi na neno jingine, na dume lingelala Mwaya. Mwanangu alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni akiwa na njaa. Kisha nikamwona baba yake naye ananitazama, na nikajua anatazama vidole vyangu.

"Uliingia," nilisema.

Upande wetu wakachachamaa kwamba Hosiana anapendelea kaka zake. Andongwisye akainua mkono.

"Miaka kumi na moja tunaishi kiambo kimoja," alisema, "na sijawahi kumwona hata kisigino. Anayeshika adabu hata pasipo mtu wa kumwona, hatasema uongo kwa ajili ya ng'ombe." Akapuliza.

Dume likavuka mto. Walipolichinja walituletea mguu wa mbele, na salamu kwamba ndio ule tuliotoa sisi. Eliya alikula kwangu siku mbili. Ya tatu nikamwambia akajipikie au akubali goli. Alirudi kwa mkewe, lakini mpaka leo anasema ulipita nje.

Mwaka uliofuata kamati ya pande zote mbili ikapitisha kwamba nyuma ya magoli watakaa bibi vizee tu, wasio na baba wakwe wa kuwakimbia. Kila goli bibi wawili, wa huku na wa kule. Nikapewa goli la upande wa ziwa, na kiti changu. Katika fainali mpira ukapita juu ya kamba, nikauona kwa macho yangu. Refa, mume wangu yuleyule, akaja akaniuliza, nikamwambia si goli. Akatafakari, kisha akaenda kumuuliza yule bibi wa ng'ambo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Wewe uso wako nimeuona miaka arobaini, na kidole chako pia," alisema.

Nilimnyima maneno hadi kupanda. Na yule bibi wa ng'ambo, kwa taarifa yenu, naye alisema si goli.