Brown ya Mchuuzi na ya Mfugaji

Tulikuwepo kituo cha polisi Kitengela: sajenti, mzee mfugaji wa Mashuuru, mchuuzi wa mifugo, na mimi, mfasiri. Nyuma ya kituo alifungwa ng'ombe aliyepatikana akizurura, na wawili hao kila mmoja alidai ni wake.

"Ni wa rangi gani?" sajenti akauliza.

"Brown," mchuuzi akajibu.

"Brown ni viatu vyako, afande," mzee akasema. "Wangu ni mugie, kwa Kimaasai, nyekundu iliyoiva ikakaribia nyeusi."

Nikachangia majina mengine ya Kiingereza ya rangi hiyo: chestnut, russet na tan.

"Na wewe, brown gani?" sajenti akamgeukia mchuuzi.

"Brown tu."

"Mzee, mchukue ng'ombe wako," sajenti akakata kauli.

Nilikaribia kupiga makofi, ingawa visawe vyangu havikumsaidia mtu. Ng'ombe huyo sasa anakamwa na binti wa mzee, maana mzee mwenyewe alifariki Jumatatu iliyopita.